Dakika moja tu: njia za kulinda umakini kazini, na ipi inamfaa nani

Tofauti ilikuwa shilingi 18,000. Ilikuwa tarehe 18, zimebaki siku mbili kufika tarehe 20 ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, na leja (daftari la hesabu) ya mteja mmoja ilikataa katakata kulingana na taarifa ya benki. Wahasibu tuna kipimo cha tangu enzi za daftari: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Hiyo iligawanyika. Nikarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka nikaikuta: malipo ya 364,000 nimeyaandika 346,000. Nilipoliona kosa nikakumbuka hata namna lilivyoingia. Nilikuwa nimeshika risiti mkono wa kushoto, nimeshaandika 3, mwenzangu akaja akasimama kando ya meza. "Samahani dada, dakika moja tu." Nikamjibu huku vidole vikiendelea. Dakika yake ilikuwa dakika kweli, hakudanganya. Kulitafuta kosa ndiko kulikonichukua mchana mzima.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili Kariakoo, Dar es Salaam, si mbali na Mtaa wa Kongo. Tuko watano ndani ya chumba kimoja. Chini kuna spika inayotangaza bei tangu asubuhi, mikokoteni, honi, na majenereta umeme ukikatika. Ndani kuna wateja wanaopanda na mifuko ya risiti, na simu zetu zenye makundi ya WhatsApp ya harusi, ya misiba, ya wazazi wa shule. Nimekaa humo miaka 11 na nimejaribu karibu kila njia ambayo watu hushauriana. Nyingine zilinifaa sana. Nyingine ziliwafaa wenzangu zikanishinda mimi. Nimeziweka hapa mbili mbili, kila moja na mpinzani wake, ili mwenye kutafuta aone anachopata na anachotoa.

Kwanza mjue anayekukatiza

Wengi wetu tunanunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mtu anasumbuliwa na simu yake mwenyewe, ananunua hedifoni za bei kubwa ili asiwasikie wenzake. Mwingine anaitwa na bosi kila nusu saa, anafuta WhatsApp. Fedha imetoka, kero imebaki palepale.

Chukua karatasi, ichore safu tatu: watu, simu, mimi mwenyewe. Iweke karibu na kibodi. Kila unapoiacha kazi iliyo mkononi, piga mstari kwenye safu inayohusika. Mteja akiingia, ni watu. Ujumbe ukilia, ni simu. Ukiinuka mwenyewe kwenda dirishani kuangalia kama mvua imeanza, au ukafungua ukurasa wa habari bila kutumwa na mtu, hiyo ni safu ya tatu, na iandike kwa uaminifu. Fanya hivyo siku tano za kazi bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba tatizo langu ni watu. Siku ya tatu safu ya "mimi mwenyewe" ilikuwa inakaribia kuipita ya watu, na mistari yake mingi ilikuwa ya saa 8 mchana kwenda saa 9, baada ya chakula. Bila ile karatasi nisingejua, na ningeendelea kuwalaumu wenzangu kwa jambo ambalo nusu yake ni langu.

| Safu iliyojaa zaidi | Anza na | Haitakusaidia sana |
|---|---|---|
| Watu | Kuwahi alfajiri, au saa za utulivu mlizokubaliana | Kuzima simu |
| Simu | Kuitoa simu mezani kabisa | Hedifoni, kuhama chumba |
| Mimi mwenyewe | Saa ya nyanya (dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika; naieleza mbele) | Kuwahi, kwenda maktaba |

Wapo watakaosema wao kelele wameizoea na kazi inatoka. Siwabishii kwamba inatoka. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake wawili walilipima jambo hili kwa watu waliopewa barua pepe za kujibu, wengine wakikatizwa na wengine wakiachwa. Waliokatizwa walimaliza mapema zaidi, na ubora wa kazi haukutofautiana. Ila walikuwa na msongo zaidi, wamekereka zaidi, na wanajiona wanakimbizwa na muda. Huyo ndiye mimi ninapopanda basi jioni nikiwa sina hamu hata ya kuongea na watoto, wakati kazi zote za siku zimekwisha. Halafu ile ilikuwa kazi ya kujibu barua pepe. Leja haisamehe kama barua pepe.

Kuwahi alfajiri, au kubaki jioni

Naishi upande wa Kimara. Nikitoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri nikapanda basi la mwendokasi, kabla ya saa 1 niko ofisini. Mlinzi ananifungulia, tunajuliana hali, napanda. Spika ya chini bado haijawashwa. Kinachosikika ni fagio, na milango ya chuma ya maduka inayofunguliwa mmoja mmoja. Wenzangu wanaingia saa 2. Ile saa moja na dakika zake ndiyo bora ya siku yangu nzima: kulinganisha taarifa ya benki na leja, kazi ambayo mchana inanimaliza, hapo inakwisha nikiwa bado na nguvu.

Jioni nayo ina utulivu wake. Baada ya saa 11 chumba kinakuwa kitupu na foleni ya barabarani inapungua ukingoja kidogo. Nilifanya hivyo miaka miwili. Shida ni kwamba watu wamekwenda, lakini siku yote uliyoibeba bado iko kichwani. Na wenye maduka, ambao ndio wateja wetu, hupata nafasi ya kupiga simu hasa wakati huo, wakishafunga. Jioni nilikuwa napanga mafaili na kujibu barua, si zaidi. Kama kazi yako ngumu ni ya kuzungumza na watu kuliko ya kufikiri, jioni inaweza kukutosha. Kwa hesabu, alfajiri inaishinda kwa mbali.

Lakini alfajiri ina bei, na anayekushauri uwahi bila kuitaja hajakushauri vizuri. Bei yake ya kwanza ni usingizi. Ukilala saa 6 usiku na kuamka saa 10, utulivu ulioupata utaula kwa kusinzia. Ya pili ni nyumba: mama au baba anayeandaa watoto wa shule hana alfajiri ya kutoa, na asilaumiwe. Ya tatu ni kugeuza saa hizo kuwa kazi ya bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ukiingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 12 jioni kila siku, umekipita kikomo kimya kimya na hakuna atakayekuandikia. Mimi nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwomba niingie saa 1 nitoke saa 10, saa ya chakula ikiwa ndani yake. Alitaka kuona mwezi mmoja kwanza. Mwezi ukapita, ritani zikawa zimekwenda tarehe 16, akakubali.

Saa ya nyanya, au kipande kirefu

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa Kiitaliano, Francesco Cirillo, alikuwa hawezi kutulia na masomo. Akachukua saa ya jikoni, ile ya kupimia mapishi, yenye umbo la nyanya, akajifunga kusoma mpaka ilie. Kutoka hapo akatengeneza utaratibu ambao leo unajulikana kwa jina la Kiitaliano la nyanya, pomodoro: dakika 25 za kazi moja tu, dakika 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Kanuni yake ngumu kuliko zote ni kwamba nyanya haigawanyiki. Ukiacha katikati, mzunguko huo hauhesabiki, anza upya.

Kwa kazi unayoikimbia, sijaona kinachoushinda. Nichukue mfano ulio mezani kwangu sasa hivi: mfuko wa nailoni wa mteja, risiti za mwezi mzima, nyingine zimekunjwa mara nne, nyingine za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ambazo maandishi yake yameanza kufifia kwa kukaa juani kwenye dashibodi ya gari. Kila moja inyooshwe, isomwe, iingizwe: tarehe, namba, kiasi, kodi. Hakuna fikra nzito humo. Kuna uchovu tu, na uchovu huo ndio unaonipeleka dirishani. Saa ikiwa inahesabu, najiambia siingizi mfuko mzima, naingiza dakika 25. Moyo unakubali. Inapolia nimeshapita risiti ambazo kwa kuzitazama tu ningesema ni za kutwa. Safu yangu ya tatu, ya saa 8 mchana, ilipungua kwa njia hii kuliko nyingine yoyote.

Kwa kazi yenye fundo, mambo yanageuka. Ninapotafuta kwa nini salio halilingani, robo ya saa ya kwanza ni ya kukusanya tu: hundi hii haijapita, malipo haya yaliingia mara mbili, makato haya ya benki hayajaandikwa. Navishika vyote kichwani kwa wakati mmoja kama mtu aliyebeba mayai mikononi. Saa inalia nikiwa nimeshika mayai yote. Nikiinuka dakika 5, nikirudi naokota upya. Kwa kazi hiyo najitengea kipande kirefu, saa moja na nusu mfululizo, bila kengele ya katikati. Sophie Leroy, katika utafiti wake wa 2009, alionyesha kwamba mtu akihama kabla ya kumaliza, sehemu ya mawazo hubaki kwenye kazi aliyoiacha, na ile mpya inapata pungufu. Yeyote aliyewahi kusaini fomu huku akili iko kwenye hesabu aliyoiacha analijua hilo.

Kwa hiyo sipendekezi moja dhidi ya nyingine kwa mtu. Napendekeza kwa kazi. Ya kuchosha, nyanya. Yenye fundo, kipande kirefu. Anayeandika ripoti, anayetafsiri, anayepanga bajeti, kipande kirefu. Anayeingiza taarifa za wagonjwa au kusahihisha mitihani 120 ya darasa moja, nyanya, na aanze leo.

Jambo moja dogo lenye uzito: usitumie simu kuhesabu hizo dakika. Ukiitazama simu kuona zimebaki ngapi, utakuta na ujumbe. Nunua saa ya jikoni au tumia saa ya mkononi.

Simu: kimya mezani, mkobani, au chumba kingine

Hapa kulinganisha ni rahisi, kutekeleza ndiko kugumu.

Kimya mezani ndiyo njia ya wengi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kioo kinawaka, jicho linaona jina, na hata usipofungua umeshaanza kujiuliza anataka nini. Mkobani ni afadhali, mradi mkoba ufungwe zipu na uwekwe mahali ambapo lazima uiname kuufikia. Chumba kingine ndiyo imara. Adrian Ward na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin: simu zote zikiwa kimya, walioziacha chumba kingine walifanya vizuri mitihani ya kufikiri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa hawa wa pili hawakuzigusa. Majaribio ya wengine yaliyofuata hayakukubaliana yote na matokeo hayo, kwa hiyo siuchukulii kama msahafu. Kwangu mimi karatasi ya safu tatu ilitosha kunithibitishia.

Ila kwetu simu haiwi simu tu. Ni benki, kwa sababu mteja analipa kwa M-Pesa na ujumbe wa malipo unaingia humo. Ni shule, mwalimu akitaka kukuambia mtoto ana homa. Ni kijijini, mzazi akizidiwa. Mtu anayekuambia uizime saa tatu hajui unazima nini. Nilijaribu kuizima nikashindwa siku ya pili, na wasiwasi ulinikatiza kuliko mlio.

Kilichoniokoa ni kitochi. Hiki kiswaswadu cha vitufe kina laini moja, namba yake wanayo watu sita: mume wangu, mama, shule, dada wa nyumbani, mkubwa wangu wa kazi na mdogo wangu. Hicho kinakaa mezani, kinalia kwa sauti. Simu kubwa inakaa kwenye droo ya kabati la mafaili, chumba cha nje, toka saa 3 mpaka saa 5. Kitochi kikilia najua ni jambo. Kisipolia najua hakuna jambo, na utulivu huo wa moyo sikuupata kwa programu yoyote. Asiyetaka simu mbili anaweza kutumia mpangilio wa kutosumbuliwa ulio ndani ya simu yake, unaoruhusu majina machache tu kupita. Unafanya kazi, lakini simu yenyewe bado iko mkononi, na mkono una mazoea yake.

Makundi ya WhatsApp yanyamazishe. Unapewa uchaguzi wa saa 8, wiki moja au daima. La michango ya harusi, saa 8 kila asubuhi. Hakuna mchango uliowahi kuharibika kwa kusomwa jioni. La msiba uliowafika, usilinyamazishe. Yapo mambo ambayo ni haki yakukatize.

Hedifoni, au makubaliano ya meza

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na ndipo nilipojifunza zaidi.

Hedifoni zina faida ambayo siwezi kuikana: zinafanya kazi papo hapo na huhitaji ruhusa ya mtu. Kwa kijana aliyeanza kazi juzi, asiye na sauti ya kupanga utaratibu wa ofisi, huenda ndiyo njia pekee aliyo nayo. Angalia tu unachosikiliza. Maneno ya wimbo unaoujua yanashindana na maneno unayoyasoma. Kelele isiyobadilika, kama ya feni au ya mvua iliyorekodiwa, masikio huizoea na kuisahau. Ndiyo maana jenereta la jirani haliniumizi kama ile spika ya mtaani. Mimi nimeshika 47,250 kichwani, yeye ananipigia "elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu".

Asubuhi moja nilikuwa nimezivaa, wenzangu wametoka kunywa chai ya saa 4. Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alipanda ngazi zote akapiga hodi. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Nilipoinua uso nikamkuta amesimama mlangoni na mfuko wake mkononi, ananitazama. Nikavua, nikainuka. "Shikamoo mzee, nisamehe sana, sikusikia." "Marahaba mwanangu." Alikaa, akasema lililomleta, akaondoka bila kuongeza neno, mtu ambaye siku zote hukaa akauliza habari za watoto. Kwake yeye, mtu aliyeziba masikio mbele ya hodi amemfukuza mgeni. Iliniuma mpaka nilipomwendea dukani kwake wiki iliyofuata kumwomba radhi vizuri.

Makubaliano yanachukua muda kuyajenga, lakini hayamtupi mtu nje. Tulikaa wote watano tukapanga: saa 3 hadi saa 5 asubuhi ni saa za utulivu. Mmoja yuko zamu, yeye ndiye anayepokea wageni, simu ya ofisi na kila hodi. Wengine wanne hawainuki. Jambo la mwenzako unaliandika kwenye kidaftari kilicho katikati ya chumba, linasubiri saa 5. Dharura tulizitaja moja moja ili kila mtu asijitungie yake: ofisa wa TRA, Mamlaka ya Mapato, amefika, mfumo wa kuwasilishia ritani umegoma, au kuna habari ya nyumbani. Utaratibu wa Cirillo nao una neno zuri kwa anayekujia katikati: mjulishe kwamba una kazi mkononi, kubalianeni muda, kisha umrudie wewe mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo roho ya yote. Saa 5 ikifika ukajifanya umesahau kidaftari, kesho hakuna atakayeandika humo. Watarudi mezani kwako na "dakika moja tu", na watakuwa na haki.

Wiki ya kwanza makubaliano yalivunjika, na aliyeyavunja ni mkubwa wetu. Kila alichokumbuka alikiita papo hapo. Hatukumlalamikia. Tulimpelekea karatasi zetu za safu tatu, wanne, na mistari yake ikionekana. Alizitazama kimya. Siku hizi naye ana ukurasa wake kwenye kidaftari.

Na kuna salamu. Kwetu huwezi kukatiza salamu, na mtu anayejibu "salama" bila kuinua uso anaonekana ana kinyongo. Nilijaribu kuwa mfupi, nikasikia watu wanaulizana kama nina tatizo nyumbani. Sasa naiwahi. Saa 2 wenzangu wakiingia, naacha nilichokuwa nacho, nainuka, nazunguka meza zote. Mwenye mgonjwa namuuliza mgonjwa. Aliyesafiri namuuliza safari. Mkubwa namwamkia. Dakika kumi, au zaidi kidogo Jumatatu. Baada ya hapo hakuna anayenidai, na mimi simdai mtu, mpaka chai. Kama ungenilazimisha nibaki na desturi moja tu ya kazini katika zote nilizozieleza, ningefikiri sana kabla ya kuiacha hii.

Kuhama: nyumbani au maktaba

Hili nitalipita haraka kwa sababu wengi wetu hatuna uhuru nalo. Nyumbani kuna utulivu kama watoto wako shule na jirani anajua uko kazini. Asipojua, atagonga: "Leo upo?" na atakaa. Umeme ukikatika huna jenereta la ofisi. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, imenifaa mara nyingi kwa kusoma na kuandika, kwa sababu kila aliye humo ameinamia chake, na hilo lina nguvu ya kukuvuta. Haifai kwa kazi ya simu, na mafaili ya wateja sitembei nayo mjini. Kwa mwandishi, mwanafunzi au mwalimu anayeandaa masomo, maktaba inaishinda nyumba. Kwa anayesumbuliwa na simu yake, zote ni sawa, maana amehama nayo.

Kama huna nafasi ya kuchagua

Nimeulizwa na dada anayekaa mapokezi hospitalini: na mimi je? Kukatizwa ndiyo kazi yangu. Alfajiri yake si yake, ana zamu. Hawezi kuvaa hedifoni. Nyanya yake haimalizi dakika nne. Yupo pia mtu wa kaunta ya benki, mwalimu mkuu, muuza duka la dawa anayejaza daftari la stoo huku akihudumia.

Kwao kuna njia moja isiyoomba ruhusa, chumba wala muda: mstari wa penseli. Kabla ya kuinua uso kumjibu anayekuita, andika ulipoishia na kinachofuata. Maneno matano yanatosha. Sophie Leroy na Theresa Glomb waliuchunguza utaratibu wa namna hii mwaka 2018 wakaona kwamba mtu akijiandikia kifupi atakavyorudia kazi, anaweza kumsikiliza vizuri zaidi aliyemkatiza. Faida yake ni ya pande mbili: leja inasalimika, na aliye mbele yako anapata uso wako mzima.

Yule dada nilimpa kidaftari kidogo cha kufunga kwa uzi. Mimi changu kiko upande wa kulia wa kibodi, na kimejaa mistari isiyo na maana kwa mtu mwingine. Wa leo asubuhi, alipoingia kijana wa kuleta maji, unasema: "Risiti ya dizeli tar. 14, nimeandika 3, bado 64."